Kocha wa Mwigobero anayekwenda kuvua ili kipa wake alale

Saa moja asubuhi mitumbwi ya dagaa inaingia mwalo wa Mwigobero, Musoma mjini, na kila mtu ana haraka yake. Akina mama wanasukumana na ndoo, wachuuzi wanaanza kubishania bei kabla hata ya kuuona mzigo. Chrispin Ryoba hana habari na dagaa. Anamtafuta golikipa.

"Umepata hata lepe la usingizi?" anamuuliza Lukas, kijana mrefu anayeshuka mtumbwini huku nguo zinamchuruzika maji.

"Wapi, Kocha! Leo dagaa walikuwa wengi."

Furaha ya mwalo mzima inamtia Chrispin unyonge. Jumamosi hii timu yake, Mwalo FC, inacheza Bunda dhidi ya vijana wa Guta, na mshindi anapanda Ligi ya Mkoa. Wachezaji wake watano, Lukas akiwamo, hukesha ziwani.

Chrispin, mwenye miaka 43, ameuishi mpira wa kulipwa. Kwa misimu tisa alikuwa beki wa kushoto katika timu za Ligi Kuu, Mwanza na Shinyanga, na mawinga waliokutana naye hawakurudi nyumbani wakicheka. Goti lilipokataa kazi alirejea Mara, akafungua kibanda cha vipuri vya pikipiki, akasoma kozi ya awali ya ukocha.

Kwao ni Butiama, jirani na Mwitongo, kwa watu wa majembe na ng'ombe. Kuogelea hajui. Timu nyingine humwita kocha wao Mwalimu, lakini yeye jina hilo alilikataa siku ya kwanza. "Kwetu Butiama lina mwenyewe," anasema, na kucheka mpaka mabega yanatikisika.

Alipoanza kazi hii alikuja na sheria za klabu kubwa. Ukichelewa, benchi. Ukisinzia, nyumbani. Nusu ya timu ikamkimbia, naye akabaki akilalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

Kilichomzindua ni bao la kijinga. Lukas alisinzia akiwa ameegemea nguzo ya goli, mpira ukampita taratibu kabisa. Chrispin alimfokea mbele ya watu, akamwita mlevi.

"Akaniambia, 'Kocha, wewe usiku unalalaga. Sisi tunavuaga. Njoo mwaloni uone, halafu ndo uniite mlevi,'" anakumbuka. "Nilikuja. Niliona aibu, we acha tu."

Hapo ndipo mtoto wa Butiama alipojifunza somo ambalo watoto wa Mwigobero wanalijua tangu wakiwa mgongoni. Dagaa hufuata mwanga wa taa, kwa hiyo huvuliwa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, na mitumbwi hupumzika. Tangu siku hiyo, mazoezi magumu ya Mwalo FC hufanyika majuma ya mbalamwezi. Majuma ya giza yakiingia, timu hukutana jioni tu kunyoosha miguu na kupasiana.

Mbinu hiyo imewafikisha mechi ya mwisho bila kupoteza hata moja. Halafu Chrispin akavuruga mwenyewe.

Katika kikao cha ligi, Mwalo ilipewa nafasi ya kuchagua kati ya Jumamosi mbili. Chrispin, akili yote ikiwa kwa mshambuliaji wake aliyeteguka kifundo cha mguu, akachagua ile ya mbali ili kijana apone. Kifundo kimepona kweli. Lakini mwezi hakuutazama, na Jumamosi hiyo iko katikati ya giza.

"Vijana waliponiuliza tarehe nikawatajia, wakaanza kuhesabu siku za mwezi kwa vidole," anasema. "Nikajua nimeharibu."

Akaenda kumwomba Benedikta, mwenye mitumbwi ambayo wachezaji wale watano huvulia, awaache walale usiku wa Ijumaa. Mwaloni wanamwita Mama Shija, na kwa kubembelezwa si mwepesi.

"Nilimwambia, baba, mimi hii dagaa ndo inanisomeshea watoto. Kwani mpira unaliwaga?" anasimulia mama huyo bila kuona haya. "Mtumbwi hautalala. Akitaka watu wake, aniletee watu wengine."

Basi Chrispin akawaendea wachezaji wenzake wa zamani, ambao siku hizi vitambi vimewatangulia. Gibson, aliyekuwa kiungo na sasa ni fundi seremala, alikubali kwanza, akawavuta wengine watatu. Wa tano hakupatikana. Chrispin alizunguka mji mzima, mwisho akarudi kwa Mama Shija na jina lake mwenyewe.

"Alicheka huyo mama! Kisha akaniambia nivae jaketi okozi, tena nilifunge hapo hapo mbele yake."

Ndiyo maana asubuhi hii, badala ya kwenda kulala, Lukas anamkalisha kocha wake kwenye mtumbwi uliofungwa ufukweni na kumfundisha kuvuta wavu.

"Usivutie mgongo, Kocha. Kanyaga, halafu vuta. Hapana, hapana! Anza tena."

Chrispin anaanza tena. Jasho linamtoka, mtumbwi ukicheza kidogo anashika ukingo kwa mikono miwili, na wachuuzi hawajifichi kumcheka. Mkewe, Stellah, amekuja kutazama na anasema ameshamwombea kanisani, "ila nitamwombea tena."

Chrispin anapanga kwamba timu ikipanda, ombi lake la kwanza kwa wakubwa wa ligi litakuwa mechi za Mwalo zipangwe majuma ya mbalamwezi. Anataka kijana wa mwaloni afike Ligi Kuu bila kulazimika kuchagua kati ya wavu wa dagaa na wavu wa goli.

Je, haliogopi ziwa?

"Naliogopa, tena sana," anasema, akiyatazama maji. "Lakini Ijumaa nisipoingia, Jumamosi nitapata wapi mdomo wa kumwambia Lukas atoke golini akafuate mpira?"