Barafu Niliyoimwaga Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2015, alfajiri, kwenye yadi moja ya kombi, yale mabasi madogo ya abiria, kule Turffontein, kusini mwa Johannesburg. Nilivaa shati jipya na viatu vya ngozi vyenye soli laini, maana nilijua dereva hupimwa kwa mavazi kabla ya kupimwa kwa gia. Msimamizi wa Yadi, mzee wa Kikongo kutoka Lubumbashi ambaye sote tulimwita Papa, akavitazama viatu vile, akacheka kidogo, akanitoa nje mpaka kwenye barabara ya nyuma.

"Weye unatoka Tanga?"

"Ndiyo, Papa."

"Kule kuko barafu?"

"Ipo. Kwenye glasi ya juisi."

"Bon. Tembea mpaka kwenye ile nguzo."

Nilipiga hatua nne. Ya tano ilinipiga mimi. Nikajikuta nimelala chali, natazama nyota za mwisho, na shati jipya limelowa mgongoni.

"Ile ndiyo gari yako ya kwanza," Papa akasema, bila hata kunipa mkono. "Umeishaigongesha. Kesho vaa viatu vya watu."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa zamani. Nasema zamani, na najua mtacheka, maana nimestaafu udereva nikiwa bado sijafika miaka thelathini. Lakini dereva wa baridi hahesabu miaka kama wengine. Anahesabu majira ya baridi, na mimi yangu yalikuwa matano. Nyinyi mnaoshika usukani sasa mkiwa mmetoka Tanga, Bukavu au Bujumbura, someni tu. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa.

Kazi yetu ilikuwa kubeba wafanyakazi wa alfajiri: wafagiaji wa maofisi, walinzi, wapishi wa hospitali, mafundi wa nguo. Tuliwachukua kabla ya jua, saa ambayo baridi ya mji huu ina meno. Jambo la kwanza Papa alilotia kichwani mwangu ni hili: Johannesburg mvua hainyeshi wakati wa baridi. Miezi mizima mbingu ni kavu kama karatasi. Basi ukiona barabara inang'aa mwezi wa saba, usiseme mvua imepita. Maji hayo yametoka kwa mtu. Bomba limepasuka, bustani imemwagiliwa, dobi amemwaga beseni. Yakilala nje yanaganda, yanakuwa barafu nyeusi. Haina weusi wowote, ni ngozi nyembamba inayoonyesha lami ya chini, ndiyo maana huioni.

"Barafu ya hapa haitoke kwa Mungu," Papa alikuwa akisema. "Inatoka kwa jirani."

Mengine yalikuwa ya mikono na miguu. Asubuhi kioo cha mbele kina ukungu mgumu mweupe. Usikimwagie maji ya moto, kitapasuka mbele ya macho yako. Kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kwenye mteremko shuka kwa gia ya pili na uache injini ikushike, hiyo ndiyo breki ya injini. Ile ya mguu iguse kama unagusa mtoto aliyelala. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu mpaka nane kabla na wewe hujaifikia. Na gari likianza kuteleza, mguu toa kwenye mafuta, toa na kwenye breki, tazama unakotaka kwenda wala usitazame unachoogopa, mikono itafuata macho.

Nilijifunza haraka, na nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa na ndoto. Kampuni ilikuwa na basi moja kubwa la kupeleka vikundi vya kwaya na mashabiki wa mpira mikoani, lenye viti vya kulala na kioo kama cha duka. Kila nikipita pembeni yake nililigusa.

Mwaka 2016 nilihamishiwa kituo cha Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Huko Mkuu wa Zamu alikuwa Mrundi mpole aliyezungumza kwa kuandika, ukikosea unakuta karatasi kwenye kiti chako: "Kona ya jana, hapana." Miaka miwili ikapita hivyo. Sikugonga mtu, sikugongwa. Kuchoka ndiko kulikoanza, na hakukuanzia miguuni. Kulianzia machoni. Kila kitu kinachong'aa nilikiogopa: kipande cha chupa, mfuko wa nailoni, hata sakafu ya spaza, kiduka cha mtaani, ikipigwa deki.

Mwaka 2018 wakanipandisha Observatory, kule mlimani, na Papa naye akahamia huko kusimamia yadi. Ilikuwa juu kabisa ya barabara yenye mteremko mkali. Meneja wetu, mama wa Nairobi asiye na muda wa salamu ndefu, akaniita ofisini.

"Tanga, mwezi wa tisa lile basi kubwa litakuwa lako. Jina lako ndilo la kwanza. Usiniharibie."

Nilitoka nikiwa naimba. Na kwa sababu ya furaha ile, nikazidisha tabia yangu moja. Kwetu gari chafu ni aibu ya dereva. Abiria hata hajakaa ameshakudharau. Basi kila siku nikirudi, jua likizama, niliiosha kombi yangu kwa ndoo nne, pengine tano, mpaka rimu zikacheka. Wenzangu walinitania.

"Tanga, unaoa leo?"

"Bado, nampamba bibi harusi."

Maji yalitiririka kuelekea getini, yakapita chini ya geti. Yalikokwenda sikufuata. Nilikuwa nimefundishwa miaka mitatu kuogopa maji ya jirani, na kichwani mwangu jirani alikuwa mtu mwingine.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, yenye baridi kuliko zote nilizozijua, abiria kumi na mmoja walipandia pale getini. Mbele, kushoto kwangu, alikaa Mama Zawadi, fundi wa nguo kutoka Uvira, aliyeshona sare na mashuka katika hoteli moja mjini; usiku ule alikuwa amelala kwa ndugu yake huko mlimani. Mkono wake wa kulia ulikuwa maarufu Bertrams nzima. Alikata suti ya harusi bila kuchora chaki.

Gia ya pili. Mguu juu ya breki, haujagusa. Mita ishirini tu chini ya geti, usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Nikajua. Nikatoa miguu kote, nikatazama nyasi za pembeni, na kweli mikono ikafuata macho. Gari likapanda nyasi, likagusa ukuta wa nyumba ya watu polepole, kwa kasi ya mtu anayetembea. Taa moja tu ikavunjika.

"Wote wazima?" nikauliza.

"Wazima," wakajibu nyuma.

Lakini Mama Zawadi alikuwa ametanguliza kiganja cha kulia kwenye dashibodi, na kifundo cha mkono kilikuwa kimekaa upande usiokuwa wake.

Meneja alifika na koti juu ya nguo za kulala. Akaitazama barafu, akapiga simu mahali fulani, akafoka. "Bomba limepasuka hapa! Dereva amefanya vizuri, amewaokoa." Abiria wakanipigapiga bega. Mmoja akasema, "Eish, Tanga, wewe ni dereva."

Papa peke yake alivua kofia, akaanza kupanda mlima kwa miguu akiifuata ile ngozi ya barafu, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata uzi. Ikampeleka mpaka getini, ikapita chini ya geti, ikaishia kwenye ndoo zangu zilizofunikwa vizuri, nilivyofundishwa na mama yangu. Akasimama hapo. Nikamfikia.

"Bomba iko hapa," akasema taratibu.

"Papa, sikujua."

"Najua hukujua. Mi sitasema. Kusema ni kazi ya dereva." Akavaa kofia yake, akaingia ndani.

Siku tatu nilikaa na maneno hayo. Nikinyamaza, basi kubwa ni langu, na Mama Zawadi ataendelea kulilaani bomba. Nikisema, sijui. Nililala vibaya, nikaendesha vibaya zaidi. Siku ya nne nikaenda ofisini.

Meneja alinisikiliza akiwa amesimama. "Hiyo ni stori ama ni ukweli?"

"Ni ukweli, Mama. Ni ndoo zangu."

"Na wewe hukuona maji yanaenda wapi?"

"Niliona yanaondoka. Nikadhani yakiondoka yamekwisha."

Alikaa chini. Akachukua kalamu, akakata jina langu kwenye orodha ya basi kubwa, mstari mmoja tu, bila hasira. "Kombi utaendesha. Lile basi, hapana. Hili la kuosha jioni, kuanzia leo hakuna mtu ataosha. Mwambie huyo mama mwenyewe."

Nilimkuta Bertrams, kwenye chumba chake, mkono umo ndani ya plasta mpaka kiwiko, anajaribu kutwanga sombe, majani ya mhogo, kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza yote nikiwa mlangoni. Akaacha kutwanga. Majani yakabaki kwenye kinu.

"Kwa hiyo si bomba."

"Si bomba, Mama."

"Ni usafi."

"Ndiyo, Mama."

"Weye ungekuwa mchafu kama wenzako, mi ningekuwa mzima." Kisha machozi yakamtoka, huku akicheka hapohapo. "Ingia. Usisimame mlangoni kama mdai kodi. Shika huu mchi, utwange. Mboga haijui nani amekosa."

Nilitwanga Jumapili zote mpaka plasta ilipotoka. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Sindano aliweza, cherehani aliweza, ila ule mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa kizito ulimshinda. Ukifika katikati ya pande la suti, vidole vinaachia. Hoteli wakamwachisha kazi kwa heshima, wakampa na barua nzuri.

Niliendesha mwaka mzima baada ya hapo. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Niliendesha polepole mpaka abiria wakaniuliza kama tutafika mwaka huu. Mwezi wa nane 2019 nikarudisha funguo. Papa alinishika mkono kwa muda mrefu. "Umeendesha vizuri, Tanga," akasema, na mimi nikajua anazungumzia ile siku ya nne, ofisini.

Wanaoniuliza dereva mzuri wa barafu ni yupi, nawaambia ni yule anayejua maji yake yanaishia wapi. Zaidi ya hapo ni gia na miguu, mtajifunza.

Siku hizi nipo Bertrams, kwenye chumba kilekile. Mama Zawadi anapima, anashona. Ninayekata ni mimi. Wiki ya kwanza aliniwekea kitambaa cha suti ya bwana harusi, cha kijivu, ghali, akanipa mkasi mkubwa. Nikaufungua, nikasimama. Macho yakaanza kuufuata mstari wa chaki alionichorea, yakitafuta kinachong'aa.

Akanitazama juu ya miwani yake.

"Kata, mwanangu," akasema. "Hapo hakuna barafu."