Unga Alioleta Wifi

Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Wateja walimwita Bi Chujio, kwa kuwa pombe yake aliichuja mara mbili, kwanza kwa wavu, kisha kwa kitambaa cheupe alichokichemsha kila Jumatatu kama nguo ya mtoto mchanga. Kwingine mtaani, walisema, pombe unaitafuna. Ya kwake unaweza kusomea gazeti ng'ambo ya glasi. Walitia chumvi, lakini si nyingi.

Kazi alifundishwa na mama yake, na mama huyo alikuwa na sharti moja ambalo hakulifanyia mzaha: nafaka uioteshe mwenyewe. Bi Chujio aliloweka mtama kutwa kucha, akautandaza juu ya magunia katika chumba cha nyuma na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu ulichomoza vimizizi vyeupe, akauanika, akausaga, ukawa kimea. Nafaka inayoota haina siri, mama yake alikuwa akisema. Ile mbovu itajiumbua yenyewe kabla hujawasha moto.

Unga mbichi, yaani wa nafaka isiyooteshwa, alikuwa akiutia pia, ila kwa kiasi. Unga huo peke yake hauwi pombe, utabaki uji mpaka uchachuke. Ni lazima uupike uive, uuache upoe hadi kidole kivumilie, ndipo umwagie kimea. Hapo kimea kinaula ule uji: mwiko uliokuwa mzito mkononi unakuwa mwepesi, na uji unakuwa mtamu bila chembe ya sukari. Kipimo chake kilikuwa vikombe vitatu vya kimea kwa kimoja cha unga mbichi. Miaka ishirini na tatu hakukivunja.

Mwaka huo mvua iligoma kukatika. Mtama aliouotesha haukukauka, ukashika ukungu, akatupa nusu nzima. Na pipa lilikuwa limeshaagizwa: mafundi wa jengo la ghorofa tatu barabara ya pili walikuwa wanakabidhi kazi Jumamosi, na walitaka kunywea kwake. Aliyekuja kumwomba ni fundi rangi, mteja wake wa siku nyingi, mtu mpole aliyekunywa glasi mbili tu na kuziosha mwenyewe bombani. Kumwambia hapana mtu kama yule kulimshinda. Akaamua kwamba safari hii atachanganya nusu kwa nusu.

Unga ulipatikana bila kuutafuta. Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alikuwa mfagizi katika ghala la mbegu, na Jumatano alifika na ndoo iliyojaa unga wa mahindi, kafunika kwa kanga. Walipendana hawa wawili. Uzazi wote wa Bi Chujio, wifi ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda. Alikuwa amesikia habari za ukungu, akasema hawezi kumwona mwenzake anaaibika na yeye yupo.

Bi Chujio aliuteka unga kwa kiganja, akausogeza dirishani. Ulikuwa na wekundu wa mbali, kama ufizi wa mtoto.

"Wifi, mahindi gani haya?"

"Ya kawaida tu. Mashineni walikuwa wametoka kusaga mtama mwekundu."

Aliunusa. Akahisi kitu kama sabuni, akajiambia ni ndoo. Hakuuliza mara ya pili.

Jumamosi mchana uwanja wa nyuma ulijaa. Mumewe, mwashi mstaafu mwenye mgongo mbovu, alikaa na wenzake wa zamani akiwakosoa mafundi vijana kwamba kuta zao zimenyooka kama mkia wa mbwa. Walicheka sana. Haikupita saa moja fundi rangi akasimama, akasema macho yake yamepata giza. Jasho lilimtiririka na mate yakamtoka asiweze kuyazuia. Wakadhani glasi mbili zimemzidi leo, wakamtania. Kisha mwashi mumewe akaanguka kwenye kizingiti, miguu ikitetemeka, na baada yake wengine, mmoja mmoja, mpaka wakafika kumi na mmoja. Waliwapakia katika lori la mchanga wakawakimbiza hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, miwani imemteleza puani. Alipita kitanda hadi kitanda akiwafunua wagonjwa macho, kisha akamvuta Bi Chujio ukutani. Akamweleza kwamba anahisi sumu ya wadudu, lakini hana hakika. Dawa yake iliyopo ni chache, na ukimpa asiyestahili inaweza kumwua.

"Mama, mimi si polisi. Niambie kila kilichoingia kwenye lile pipa."

"Maji. Kimea. Hamira. Unga."

"Unga wa wapi?"

Wifi alikuwa nyuma ya daktari, amekuja mbio kwa ajili ya kaka yake, viatu mkononi. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi, na machozi yakamdondoka. Bi Chujio alimtazama, akaona mkono uliomfuta jasho katika uzazi wake wote.

"Wa dukani," akasema.

Daktari akashusha pumzi. Akaagiza watundikiwe maji na waoshwe matumbo, kama watu waliokunywa pombe iliyoharibika, na damu ipelekwe kupimwa. Dakika arobaini zikapita. Bi Chujio alizihesabu kwenye saa ya ukutani, kila moja akijiambia kwamba wanapata nafuu. Kisha muuguzi akavuta shuka juu ya uso wa fundi rangi.

Hapo ndipo miguu ya Bi Chujio ilipompeleka kwa daktari. Alisema yote wima, bila kulia. Wifi hakungoja kuulizwa. Alikaa sakafuni akaeleza kwamba yalikuwa mahindi ya mbegu, yaliyopakwa dawa na rangi, yaliyomwagika gunia lilipopasuka. "Niliyaosha mara tatu," alirudia. "Mara ya mwisho maji yalitoka meupe." Daktari alikuwa ameshaondoka akikimbilia dawa.

Tisa walipona upesi. Mwashi naye aliponea chupuchupu, akarudi nyumbani na fimbo, vidole vya miguu vimekufa ganzi.

Mahakama ilimpa wifi miaka mitano, na Bi Chujio mwaka mmoja kwa kuuza pombe bila kibali na kwa uzembe. Habari za zile dakika arobaini hakuna aliyeuliza. Daktari aliandika saa tu, saa walizofika na saa dawa zilipotolewa, na uongo aliokuwa ameambiwa hakuutaja.

Alipotoka gerezani Bi Chujio alimkuta mumewe amejifunza kujipikia. Alipoanza kupika yeye, mzee alikaa mbele ya sahani mikono magotini, mpaka amwone mkewe amemeza tonge mbili tatu. Hakumlaumu kwa mdomo. Habari za dada yake pia hakuzigusa, wala hakwenda kumwona. Kila mwezi Bi Chujio alikwenda gerezani peke yake na sabuni na mafuta ya kupaka, wifi akauliza kaka hajambo, akajibiwa hajambo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo moja lilikuwa linamla. Siku ya sita baada ya kutoka alikwenda kwa mjane wa fundi rangi, chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mjane alimpokea kuliko alivyotarajia. Akampa kigoda, akasema mtu wake alikuwa akiisifu pombe ile, na kwamba unga ulikuwa na sumu na wala hukujua, dada, ni mipango ya Mungu.

"Nilijua," alisema Bi Chujio. "Si siku ya kupika. Hospitalini. Daktari aliniuliza nikamdanganya, na mumeo alikuwa bado anapumua."

Cheche za karakana zilisikika zikipasuka. Sauti ya mjane ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka.

"Nilikuwa nimeshaanza kupata usingizi. Umekuja kujitua mzigo, ukanitwika mimi."

Mjane aliinuka, akafungua mlango, akausimamia. Hakutukana. Alingoja tu mpaka mgeni avae viatu.

Siku hizi Bi Chujio anaosha shuka katika nyumba ya wageni karibu na soko. Huanza kabla jua halijakolea na kumaliza alasiri. Wenzake wapya hawajui walikuwa wakimwitaje, naye hajawaambia. Nyumbani chumba cha nyuma kimepangishwa kwa mshona viatu, na mzee huketi naye mlangoni wakizungumza habari za kuta.