Magugu Niliyoyatilia Samadi

Jirani yangu wa upande wa juu ndiye aliyenitangaza Kasulu nzima kwamba nimerukwa na akili. "Mama yule anapanda magugu," alisema pale bombani, "tena anayatilia samadi!" Na kweli nilikuwa nayatilia. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaimezea mate kwa ajili ya migomba yake. Acha aseme.

Nilitaka njano. Wenzangu hupanda mlangoni yale maua ya kununua, yenye majina ya Kizungu, yakikosa maji kidogo yanajikunja na kufa kama yamesusa. Mimi nilitaka njano ya kwetu, ile ya kandokando ya kijito kule Munanila nilikokulia, mvua zinapoelekea ukingoni. Nikaanza kukusanya. Mbegu za marejea, yale ambayo maganda yake yakikauka watoto huyatikisa kama kayamba, nilizipata kwenye shamba lililolala. Mche wa umusave, ule mti wa maua ya njano kama tarumbeta, niliutoa Kibondo, nikaupakata ndani ya basi mpaka nyumbani, na kondakta akaniuliza kama mtoto huyo analipiwa nauli. Kisha umubagabaga, kile kichaka chenye maua yaliyosimama wima na vitumba vyeusi kileleni. Ukisugua jani lake unanusa karanga za kukaanga. Huo kwetu hakuna anayeupanda. Unaota wenyewe, unakatwa, unaota tena.

Kilichonisukuma, niseme wazi, ni mama. Baba alishafariki, goti la mama limeanza kugoma, naye alikuwa anaishi peke yake Munanila, anateka maji huku anachechemea. Nilitaka aje akae kwangu moja kwa moja. Alikubali kuja, lakini kwa sharti: "Mvua zikikatika narudi kwangu." Nikajisemea, akiyaona maua ya kijito chake yamechanua mlangoni, moyo utatulia, na habari ya kurudi itaisha yenyewe. Sikumwambia kitu. Nilitaka ashtukie tu siku yatakapochanua.

Alipofika nilimlea kama yai. Kiti chenye mto kivulini, chai ya maziwa, akiinuka kushika ufagio nampokonya. "Mama, pumzika. Umelima vya kutosha." Nilijiona binti mwema kuliko wote mkoani. Yeye alikuwa anapungua. Ugali haumalizi, usingizi hapati, jioni anaiangalia barabara ya kwenda Buhigwe, ya kurudi kwake. Siku moja akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, hata maharage yakikaa guniani muda mrefu yanaingia wadudu." Nikacheka, nikamwongeza mto.

Miche ilipofika kiunoni, ikiwa bado haijachanua, nilikwenda sokoni Jumamosi moja. Kurudi, nikiwa bado kwenye lango, nikaona uwanja mweupe kama kiganja. Umefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Marejea yote yameng'olewa, yamelala chungu pembeni. Umubagabaga umekatwa hadi kisiki. Umusave wangu wa Kibondo hata sikujua ulikuwa upande gani. Kilichobaki ni maboga tu niliyoyachomeka humo humo, maana yale maua yake ya njano yanaliwa. Na mama amekaa kizingitini, matope hadi magotini, jembe langu mapajani, uso unang'aa kuliko siku zote tangu aje.

"Sasa nyumba inaonekana ina mtu," akasema. "Nilikuwa naona aibu kwa niaba yako. Wapita njia wakiona kichaka mlangoni, si watasema sikukufundisha kulima?"

Yoo! Nililipuka. Hasira zangu ni moto wa mabua, kila mtu anajua, lakini siku hiyo mabua yalikuwa mengi. "Mama, umeniua! Hayo si magugu, nimeyapanda mimi! Nani amekwambia ushike jembe?" Nikatupa kikapu, nyanya zikabingirika kwenye uwanja alioufagia.

Mama aliweka jembe chini. Aliziokota nyanya mojamoja, akazipanga kizingitini, akaingia ndani. Nikasikia anakunja vitenge vyake. "Kesho napanda gari," akasema kutoka chumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Nilimfuata. Hasira ilikuwa imeshakwisha, imebaki hofu tupu. Nikakaa kitandani karibu na vitenge, nikamweleza yote: kijito, njano, mche niliopakata kwenye basi. "Nilikuwa nakupandia wewe, mama. Ili usiondoke."

Akanitazama. "Umepanda umubagabaga?"

"Ndiyo."

"Mlangoni?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa samadi?"

Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka na mimi nikaambukizwa. "Maisha yangu yote nimepigana na mti huo kwa jembe! Nimekuja kupumzika kwa binti yangu, kumbe nao umetangulia kunisubiri mlangoni, tena umenona!" Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Usiulilie mti. Huo hauuawi na mtu, utachipua. Na marejea tutayafukia, ni mbolea."

Asubuhi hakuna aliyetaja gari. Mama alisimama uwanjani, mkono ameunyoosha. "Jembe," akasema. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mama yangu mzazi nilikuwa nimemfanya mgeni tangu alipofika. Nikampa.

Basi bustani sasa ni yake. Alipanda marejea upya kwa mistari, akisema kama ni lazima kufuga magugu basi yakae kwa adabu. Katikati akatia maharage, kwa sababu macho peke yake hayashibi. Umusave mwingine tuliupata, umeshika. Umubagabaga ulichipua kama alivyosema, na sasa umewaka njano hadi dirishani, nyuki wanavuma humo kutwa. Mama anamaliza ugali na kuniuliza kama umebaki. Mimi nimeacha kumpokonya vitu, ingawa mkono bado unaniwasha.

Mvua nazo zikakatika. Siku zile nilitembea kwa kunyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, naogopa hata kutaja jua lisije likamkumbusha. Lakini jirani yangu wa juu, mdomo wake si umeumbwa kwa kazi hiyo? Akaja asubuhi, akaegemea ua.

"Bwakeye, bibi! Mvua ndizo hizo zimekwisha. Unarudi lini nyumbani?"

Nilikuwa naosha sufuria. Nikaacha kusugua.

Mama hakuinua hata kichwa. "Nyumbani gani tena?" akamjibu. "Huoni napalilia?"