Ngazi za Umeme za Lyall Nankivell

Lyall Nankivell alikuwa na desturi ya kuzipa majina bolti zilizomgomea, na majina yote yalikuwa ya mabosi wake wa zamani kwenye maghala ya ngano. Jumamosi ile alikuwa amelala chali chini ya Landkruza yake, miguu imetokeza kwenye sakafu ya banda, akipambana na aliyekuwa msimamizi wa zamu.

"Toka, Hedley, mshenzi wewe. Miaka yote hukuwahi kushika kazi, leo ndiyo unashikilia?"

"Mpake mafuta kwanza," alisema Kym.

"Nimempaka."

"Basi mpe nafasi ayanywe. Una haraka gani?"

Kym Trezise, jirani yake wa ng'ambo ya uzio, alikuwa fundi umeme wa magari mpaka magoti yake yalipomstaafisha. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma maelekezo yaliyokuja ndani ya boksi. Lyall hakuwa na habari na maelekezo. Mimi, mpangaji wa chumba cha uani cha Lyall na mkewe, nilishika tochi.

Sote watatu tulijua haraka ilikuwa ya nini. Ndani ya nyumba alikuwa amekaa Noeline, mke wa Lyall, na ugonjwa uliokuwa ukimzima msuli mmoja baada ya mwingine ulikuwa umeshamaliza nyayo na sasa unapanda. Na kaskazini, safari ya siku mbili kutoka mji wetu wa Kadina, lile ziwa la chumvi ambalo hukaa kavu miaka na miaka lilikuwa limejaa maji. Redio ilisema ndege wameanza kutua. Maji yale hayakai. Jua la kule likishaanza kazi, ziwa hurudi kuwa sahani ya chumvi, na asiyeliona atasubiri mafuriko mengine ambayo huenda yasimkute.

Noeline alikuwa mtu wa ndege. Alipokuwa akipika kwenye kantini ya shule aliweka darubini juu ya friji, na watoto walizoea kungoja viazi vyao hadi tai apite. Angeweza kukutajia ndege kwa sauti tu, akiwa amekupa mgongo. Lyall alijua ndege wa aina mbili: kunguru, na asiyekuwa kunguru. Tangu uchumba walikuwa wameahidiana kwamba ziwa likijaa watakwenda. Lilipojaa mara ya kwanza ilikuwa mavuno na maghala hayafungwi. Lilipojaa tena, mama yake Lyall alikuwa anakata roho hospitalini.

Kwa ajili ya safari hiyo hiyo, mwaka mmoja nyuma, Lyall alikuwa ameliinua gari. Aliweka springi mpya, shokapu mpya, na matairi makubwa yanayomfika mtu kiunoni. Lilisimama pale uani kama nyumba ya ghorofa. Wakati huo Noeline bado aliweza kushika mpini wa ndani na kujivuta, huku akicheka kwamba ameolewa na mtu anayetaka kumpeleka mbinguni kabla ya wakati. Miezi ikapita, mkono ukaacha kuvuta. Lyall akaleta kreti la maziwa, akaliweka chini ya mlango. Likafaa mpaka siku lilipoteleza na Noeline akaangukia kokoto. Alikaa palepale chini, akikitazama kiganja chake kinachotoka damu kama cha mtu mwingine.

"Lishushe gari, bwana," Kym alimwambia wakati ule. "Rudisha springi za kiwandani, yaishe."

"Nikilishusha, ile njia ya ziwani italikamata tumbo. Nitakwama naye huko jangwani nikimwambia nini?"

Na ngazi za kawaida, zile za chuma zilizofungwa chini ya milango, hazikumsaidia Noeline. Zilikuwa juu mno kwa mguu wake na chini mno kwa mawe ya njiani. Ndipo Lyall alipoagiza hizi za umeme. Mlango ukifunguliwa, ngazi inatoka yenyewe chini ya gari na kushuka hadi karibu na ardhi. Mlango ukifungwa, inajikunja na kurudi ilikotoka, mawe yasiione.

Siku aliyoziagiza alimwambia mkewe mezani. Tulikuwa tunakula pasti, lile sambusa kubwa la nyama na viazi waliloliacha wachimba shaba wa zamani wa mji huu, na la Noeline lilikuwa limekatwa vipande vidogo.

"Nimeagiza ngazi za umeme, Nole. Hutahitaji kuinua mguu hata kidogo. Julai tuko ziwani."

"Ndiyo, hapana," alisema Noeline. "Hiyo ni kazi kubwa, Lyall."

Nimeishi katika miji ambako mtu hukataa kwa kunyamaza, na mingine ambako hukataa kwa kusema Mungu akipenda. Kadina hukataa kwa kuanza na ndiyo. Hakuna anayekutupia hapana tupu usoni. Ingekuwa kama kukutemea mate. Kwanza anakupa ndiyo, ya kukuonyesha kwamba amekusikia na hana ubaya nawe, kisha anakupa jibu lenyewe. Ndiyo, hapana, sinywi leo. Ndiyo, hapana, huyo mbwa simuuzi. Mtoto wa chekechea anajua kwamba neno la kwanza ni adabu na la pili ndilo jibu.

Lyall alizaliwa mtaa wa pili kutoka pale. Alijua. Lakini alichukua chupa ya sosi ya nyanya, akaitikisa, akasema, "Kazi niachie mimi." Lile neno la kwanza lilikuwa limetamkwa mbele ya shahidi, naye akalishika hilo, akaliacha la pili lipite.

Hedley hatimaye alilegea. Ngazi ya zamani ikaanguka sakafuni na vumbi la kutu, kwa sababu kila kiangazi Lyall alilirudisha gari kinyumenyume baharini kule Wallaroo kushusha mashua ya kuvulia kaa, na chumvi ilikuwa imekula kila kitu cha chini. Aliisugua chesisi kwa brashi ya waya, akaipaka rangi, akaanza kufunga vishikio vipya.

"Hicho ulichoshika ni cha upande wa dereva," alisema Kym.

"Vinafanana."

"Hata mimi na wewe tunafanana tukiwa tumelala chali. Geuza, bwana. Mota inakaa mbele."

"Nani kasema?"

"Karatasi imesema."

"Karatasi imeandikwa na mtu wa mjini."

"Ndiyo, na mtu wa mjini ngazi yake inashuka. Yako itashukia kwenye tairi."

Lyall aligeuza. Kym alishuka kwenye ndoo kwa kuguna, akashika upande wa nyaya, kwa kuwa hapo hakumwamini mtu. Alipitisha waya kutoka kwenye betri, akauweka mbali na bomba la moshi, akaufunga kwa kila hatua usije ukacheza, akabandika sumaku ndogo mlangoni ya kuiambia mota kwamba mlango umefunguka. Kufikia mchana kazi ilikuwa imekwisha. Kym akasogeza fyuzi mahali pake na kusema, "Haya, mfungulie bibi harusi."

Lyall alifungua mlango wa abiria. Ngazi ilitoka bila kelele, ikashuka, ikatulia, na taa ndogo ikawaka chini yake. Akafunga, ikaondoka. Akafungua tena, akafunga tena. Mtu yule ambaye sikumwona akitabasamu hata timu yake ilipochukua kombe la wilaya, alisimama pale akifungua na kufunga mlango, meno yote nje.

Kisha akaenda kumleta.

Noeline alikuja kwenye kiti chake cha magurudumu akiwa amevaa kofia ya safari na darubini shingoni. Sijui nani alimvisha. Nadhani alimwomba Lyall, na Lyall akachukulia hilo kuwa jibu.

"Ina hata taa," alisema Noeline.

"Ina taa, ndiyo."

"Vizuri. Hata mbu waone ninapopandia."

Lyall akamshika kwapani akamsimamisha. Akauchukua mguu wake wa kulia kwa mkono, akauweka juu ya ngazi. Akamwinua, akauweka na wa kushoto. Noeline alikuwa amesimama juu ya ngazi. Ngazi haikutikisika. Kym alipiga makofi mara moja kisha akaacha.

"Sasa ingia tu," alisema Lyall. "Mguu wa kulia ndani."

Hakuna kilichotokea.

"Inua, Nole. Kidogo tu."

"Nauinua."

Tuliutazama mguu. Kiatu kilikuwa pale pale, kamba zake zimefungwa vizuri.

"Nauinua, Lyall," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo kwa mgeni.

Hakuweza kupanda wala kushuka. Kile kipande cha chuma kilichoshuka kwa adabu kumpokea kilikuwa kimemwacha katikati, kama mtu aliyesahauliwa juu ya meza. Lyall akaweka bega chini ya makalio yake akasukuma. Kofia ikaanguka. Darubini ikagonga nguzo ya mlango. Kym akazunguka upande wa dereva, akalala juu ya kiti, akamvuta kwa mikono yote miwili, huku wote wawili wakisema samahani, samahani, hapo, umefika. Wakamwingiza jinsi Lyall alivyokuwa akiingiza magunia, na nadhani Lyall alilijua hilo, kwa sababu baadaye alizipangusa nywele za mkewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Umeona?" alisema akihema, huku akimfunga mkanda. "Umo ndani. Tukifanya mazoezi kidogo itakuwa rahisi. Na njiani hatutasimama sana. Nitakupandisha, nitakushusha."

Noeline alikuwa amekaa upande, akitazama uzio kupitia kioo cha mbele.

"Hapana," alisema.

Tulingoja neno lingine. Mtu wa Kadina anaposema hivyo unajua kuna kitu kilitangulia hukukisikia, au kinafuata. Hakikufuata kitu.

"Unamaanisha..." Lyall alianza.

"Namaanisha hapana. Nishushe."

Kym alitoka kwenye kiti cha dereva akaenda kuokota spana ambazo hazikuwa zimeanguka. Lyall alisimama na mkono kwenye mkanda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na mtu asiyewahi kumpiga. Miezi yote alikuwa na ile ndiyo yake. Sasa hakuwa nayo.

Kumshusha kulichukua muda mrefu kuliko kumpandisha. Alipokaa tena kitini, Lyall alisukuma mlango kwa nyonga, na ngazi ikajikunja ikaondoka.

Ni Noeline aliyemwamuru mumewe aende ziwani na Kym. Lyall alikataa kutwa, na kesho yake pia, na alipochoka kukataa akapakia maji, mafuta na koleo. Mimi na muuguzi wa mtaa tulibaki naye. Siku ya pili, nilipokuwa nikimshikia kikombe, nilimuuliza kama hajutii.

"Angenibeba mgongoni mpaka ziwani," alisema. "Hilo ndilo nililoogopa. Na huko choo ni kichaka. Hilo alilifikiria? Alifikiria mota."

"Anakupenda," nilisema, na hapo hapo nikajuta kusema.

"Ndiyo," alisema Noeline, na akaishia hapo.

Walirudi gari likiwa jekundu kwa vumbi hadi juu ya paa. Ngazi ya upande wa abiria ilikuwa imejaa tope la chumvi kwenye viungo, ikakwama nusu nje, nusu ndani. Kym alinipungia mkono akaenda zake kwake bila kuingia. Lyall aliingia na viatu vyake, jambo ambalo Noeline asingemvumilia zamani, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Umeyaona maji?" aliuliza Noeline.

"Nimeyaona."

"Yakoje?"

Lyall alifikiri. Nilimwona akifikiri, kidevu chake kilikuwa kinatembea.

"Mengi," alisema. "Hayana mwisho. Mapana."

"Rangi gani?"

"Kama maji tu. Ya kijivu. Kuna chumvi pembeni."

"Ndege je?"

"Walikuwepo. Wengi sana."

"Wa aina gani?"

"Wakubwa. Weupe."

"Mwari?"

"Labda."

"Wana mfuko chini ya mdomo, Lyall."

"Walikuwa mbali, Nole. Na tulikuwa tumekwama. Kym alikuwa anachimba." Akatoa simu mfukoni haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakuja mikono mitupu. "Nimepiga picha."

Akamwonyesha, moja baada ya nyingine. Tairi limezama kwenye tope. Kym na koleo. Tairi lile lile kutoka upande mwingine. Ngazi, jinsi ilivyokwama, kwa karibu, ili fundi aone. Kipimo cha joto la injini. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilimwona Lyall akizipitisha kwa kasi zaidi na zaidi, kadiri alivyotambua mwenyewe alichokuwa amekwenda kukitazama.

"Rudisha hiyo," alisema Noeline.

Ilikuwa picha ya gari. Juu ya paa lake, mbali, kwenye ukanda mwembamba wa kijivu, kulikuwa na vidoadoa.

"Hao ni wao?"

"Nadhani." Lyall aliipangusa simu kwenye suruali. "Au ni uchafu wa kioo."

"Ikuze."

Aliikuza. Vidoadoa vikawa vipande vyenye pembe, vyeupe, visivyo na mabawa wala shingo. Noeline aliinamisha kichwa karibu, karibu zaidi, muda mrefu. Kisha akasema amechoka, akafumba macho.

Lyall hakuiweka simu. Alibaki kwenye kile kiti akiendelea kuikuza picha kwa vidole vyake vinene, vinavyoteleza juu ya kioo, akitafuta mdomo, akitafuta mfuko, mpaka kwenye simu pakabaki weupe mtupu.