Sentimita Nne za Saveta

Kwenye lango la gereji ya Saveta Horj kuna misumari kumi na miwili mirefu, na kila mwanamume anayeingia hutundika shoka lake hapo kabla hata ya kusalimia. Saveta aliipigilia mwenyewe mwaka ule ambao wateja wawili walikatana mbele ya mashine yake ya kuchomelea. Damu iliingia kwenye ndoo ya boliti, akakaa jioni nzima akiziosha moja moja kwa petroli. Tangu hapo hakuna shoka linalovuka lango.

Wateja wake ni wa aina mbili: wanaoiba misonobari ya serikali na wanaowafukuza. Wote wanaendesha magari yaleyale, magari ya familia, yale yaliyoundwa kupeleka watoto shule na bibi kanisani, maana gari la msituni hasa, katika bonde lote la Ruska, hakuna mwenye uwezo nalo. Saveta huyainua. Huweka vipande vya chuma juu ya springi, hufunga bamba chini ya injini, hufunga tairi zenye meno. Kazi alifundishwa na baba yake, fundi wa mashine za magogo, aliyefundisha kwa kofi. Ukikaza boliti vibaya, kofi. Ukikaza vizuri, kimya. Saveta alipokuwa na miaka kumi na tisa, winchi ya kuvutia magogo ilimla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Baba aliufunga mkono kwa kitambaa chenye grisi akamwambia amalizie kwa mkono wa kulia.

Jambo moja hakulilegeza kamwe: sentimita nne. Gari halipandi zaidi ya hapo.

"Ukizidisha," humwambia kila mtu, "shafti inayozungusha tairi la mbele inakaa mshazari. Siku utakayokata usukani mpaka mwisho huku unapanda mlima, inakatika. Na haipigi hodi."

Wanaume walinung'unika. Shida yao ilikuwa chupa. Jumatatu ya Pasaka, ibada ikiisha, huisimamisha chupa ya palinka, ile pombe kali ya matunda, katikati ya barabara mbele ya kanisa, na kila gari hupita juu yake. Chupa ikibaki imesimama, dereva ni mwanamume. Ikianguka, analinywesha bonde zima. Gari la Saveta liliiangusha kila mwaka, na kila mwaka walicheka mpaka padri akafunga madirisha.

Wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka jana alikuja Mitru Bozga, bwana wa magogo ya wizi, mabega yake kama mlango wa ghala. Alitundika shoka. Mkewe Rodovica alibaki kiti cha mbele.

"Weka saba," alisema Mitru.

"Nne."

"We fundi, umeziba masikio? Saba! Mwaka jana niliiangusha chupa, wanangu wakachekwa shule nzima."

"Basi tafuta chupa fupi."

Rodovica aliangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilicholeta balaa. Mitru alimkamata Saveta kisogo akaubamiza uso wake kwenye boneti, mara moja tu, na jino likaruka likaanguka kati ya spana. Shoka lilikuwa langoni, lakini mikono haina msumari wa kuitundika.

Saveta aliinuka, akatema damu pembeni.

"Saba, sawa. Rodovica, wewe ni shahidi. Mitru, usikate usukani mpaka mwisho ukipanda mlima. Narudia: usikate."

"Fanya kazi, kibogoyo," Mitru akasema.

Akafanya. Pasaka ilipofika chupa ilisimama, na Mitru akabebwa juu juu kama bwana harusi.

Mwezi Mei, mlinzi wa msitu aitwaye Gavrila alikamata magogo arobaini ya Mitru akayapiga mhuri wa serikali. Gavrila ni mdogo wake Saveta, ndiye ndugu pekee aliyebaki, ambaye Saveta alimlea tangu mama yao afe. Asubuhi ile Saveta alikuwa njiani na gari lake kumpelekea chakula, mkate na kipande cha mafuta ya nguruwe na kitunguu. Alipofika penye rundo la magogo alimkuta Gavrila amelala chali, na Mitru amemkanyaga kifua akichomoa shoka kwenye bega lake.

Saveta alikanyaga mafuta, akamwelekezea Mitru gari. Mitru aliruka, gari likamgusa nyonga, akabiringika. Saveta akamvuta mdogo wake kwa mkanda, akamtupa kiti cha nyuma.

"Dada, usisimame," Gavrila alisema. Damu ilikuwa inatoka kwa mapigo, kama bomba bovu.

Mitru alishaingia garini. Aliwagonga kwa nyuma, kioo kikamwagika juu ya Gavrila. Akagonga tena. Mbele njia ziligawanyika. Ya chini ilikwenda darajani, pana na nyoofu, na huko Mitru mwenye injini kubwa angewapita na kuwasukumia mtoni. Ya juu ilikuwa njia ya zamani ya magogo, yenye Kona ya Goti, kali kiasi kwamba anayeipanda lazima akate usukani mpaka ugome.

Saveta alishika ya juu.

Kwenye kona alikata mpaka mwisho. Gari lake fupi lililalamika, likapanda. Kwenye kioo cha pembeni aliona tairi za Mitru nazo zikigeuka mpaka mwisho, kisha akasikia mlio, kavu, kama mfupa wa ng'ombe ukivunjwa kwa nyundo. Gari la Mitru lilisimama, likaanza kurudi nyuma kwenye matope, likavuka ukingo, likapinduka mara mbili. Lilipotulia, Mitru alikuwa nusu nje, mguu chini ya mlango.

"Saveta! Lete jeki! Saveta, kwa jina la Mungu!"

Jeki ilikuwa kwenye buti. Kuinua gari lile ni dakika ishirini. Nyuma yake Gavrila alikuwa amezimia. Saveta alitazama chini mara moja, akakanyaga mafuta.

Gavrila alipona, ila mkono wa kushoto haupandi kupita kifua. Mitru alikutwa alasiri, akakatwa mguu juu ya goti. Kesi ya shoka lile bado inasikilizwa.

Vuli hii Rodovica amesimamisha gari jingine langoni, yeye kwenye usukani. Mitru ameshuka kwa magongo.

"Ulijua," amesema.

"Nilikwambia. Mara mbili."

"Ile kona uliichagua."

Saveta amemgeukia Rodovica. "Mama, tuinue ngapi?"

Rodovica ameutazama mguu wa suruali uliobanwa kwa pini. "Nne."

Gavrila, siku hizi msaidizi wa dada yake gerejini, ameweka spana chini, amelisogelea lango, macho kwenye mashoka.

"Gavrila," Saveta ameita, tayari yuko chini ya gari. "Njoo unishikie taa."

Gavrila ameyapa mashoka kisogo. Kisha akarudi, akaishika taa kwa mkono uliobaki mzima.