Siku Mbiu Isipofika Bondeni

Watu walimwita Radi, na jina lilimkaa kama kanzu ya kupimiwa. Kazi yake ilikuwa kupiga mbiu. Ukipotelewa na mtoto, ukifiwa, maji yakikatwa, unamwita Radi. Anatundika kipaza sauti begani, anazunguka vichochoro vyote, na hata aliyelala fofofo anaamka na habari. Mkewe alikuwa na utani wake: "Huyu ukitaka kumpa siri, subiri awe anakula, mdomo umejaa."

Uchaguzi wa kamati ya mtaa ulipokaribia, mwenyekiti alimwita ofisini. Siku zote Radi alipokea maagizo akiwa amesimama mlangoni. Safari hii aliambiwa aketi, tena kwenye kiti chenye mto. Akamiminiwa chai, akaitwa "mzee mwenzangu". Mwenyekiti alizungumza habari za mvua na za magoti yanayouma, kisha akatabasamu, akasema kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo tu:

"Mkutano wa kura ni Jumamosi asubuhi. Tangaza huku juu kote. Bondeni usijisumbue."

"Kwani bondeni hawapigi kura?"

"Wanapiga, nani kakataa? Ila wale wapangaji wamezidi maswali, mzee mwenzangu. Kila mkutano maji vipi, vyoo vipi, hatumalizi. Tutawajulisha baadaye."

Radi hakusema ndiyo wala hapana. Alimaliza chai yake. Siku ya kutangaza ilipofika, alizunguka juu mpaka koo likamkauka, na alipofika penye mteremko wa kwenda bondeni akageuza njia. Kule chini alikaa shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, fundi wa kushona. Radi akajiambia atasikia tu kwa watu, habari haina mguu lakini hutembea.

Haikutembea. Jumamosi mikono ikainuliwa, kamati ikapita bila kupingwa, watu wakapiga makofi wakaenda zao.

Kamati ilianza na jaa la takataka. Lilikuwa nyuma ya nyumba za juu, wenyewe wakilalamikia harufu. Likahamishiwa bondeni, kando ya bomba la wapangaji. Haukupita muda, inzi wakatanda na watoto wakaanza kuharisha. Shemeji akaacha cherehani yake, akajitwisha ndoo ya maji yaliyoingia uchafu, akaenda nayo ofisini.

"Nani kaamua hivi?"

"Kamati yenu mliyoichagua," akajibiwa.

"Mimi sijachagua mtu."

Hakutukana, hakumsukuma mtu. Aliketi kizingitini na ndoo yake, akasema haondoki mpaka apate jibu. Mwenyekiti akaita mgambo. Mama wa watu akafungiwa kituoni kwa kuvuruga amani, na hakuna aliyemwambia atatoka lini.

Radi alipopata habari alikimbilia kituoni na mkate na chupa ya chai. Shemeji alimtazama kupitia nondo za dirisha.

"Shemeji, nikuulize. Siku ya kutangaza mkutano, ulipita kwetu?"

Radi akatazama kandambili zake.

"Maana sauti yako naijua. Hata cherehani ikinguruma naisikia."

"Nilidhani mtasikia kwa watu."

"Kweli, kikulacho ki nguoni mwako." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Radi. "Ningenyoosha mkono wangu siku ile, leo ningekaa kizingitini kwa watu? Na wao wangejua kesho watakuja kuniomba kura, wangenitia humu? Mtu asiyeihitaji kura yako, kukufungia kwake ni kama kufungia kuku."

Radi akageuka kwenda zake. Mkate aliuacha dirishani. Nyumbani mkewe hakumgombeza. Alimwekea chakula mezani, akaenda kulia chake kwa jirani. Na Radi alipopita bombani, wanawake walinyamaza hadi alipotokomea.

Wapangaji wakaandamana hadi kwa ofisa wa wilaya. Shemeji akaachiwa, na mkutano wa hadhara ukaitishwa. Mwenyekiti hakuwa na wasiwasi.

"Tangazo lilipita kote," alisema. "Mpiga mbiu huyo hapo, muulizeni." Akamtupia Radi tabasamu lile lile la kwenye chai.

Radi akasimama. Midomo ikacheza, hakuna kilichosikika.

"Paza sauti!" mtu akapiga kelele, na umati ukaangua kicheko, maana nani aliwahi kumwambia Radi apaze sauti?

"Bondeni sikupita," akasema. "Niliambiwa nisipite, nikakubali. Sikutishwa, sikupewa kitu. Nilikalishwa tu kwenye kiti kizuri, nikajiona mtu."

Kicheko kikakatika. Afadhali wangemzomea.

Uchaguzi ukafutwa na kurudiwa, safari hii juu na bondeni pamoja. Mwenyekiti akaangushwa. Kamati mpya ikaondoa jaa bombani, ikatangaza mbele ya wote kwamba mtu hafungiwi kwa kuuliza, na akikamatwa aelezwe kosa lake na jamaa zake wajulishwe. Shemeji aliombwa agombee, akakataa. Alisema ana nguo za watu za kumalizia. Lakini kura yake alipiga, tena alifika mapema.

Mambo yalipotulia, Radi akashuka bondeni mchana kweupe kwenda kumwomba radhi. Alimkuta shemeji akishona sare za shule. Akasimama mlangoni, akasema yote aliyokuja nayo, akayarudia, mengine yakamkwama. Mguu wa shemeji haukuacha kukanyaga cherehani.

"Nimekusikia, shemeji."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nimesema nimekusikia." Akakata uzi kwa meno. "Na usogee kidogo hapo mlangoni, unanizibia mwanga."

Radi akasogea.