Sinema Kama Alivyoisimulia Obwona

Filda hakwenda sinema Jumapili ile kwa sababu ya furaha. Alitaka mahali pa kukaa bila kuulizwa kama amefunga mizigo.

Aliyekuwa akimuuliza ni shemeji yake Oloya, mdogo wa mumewe, aliyeteremka kutoka Kitgum kwa lori kumchukua yeye na watoto. Mumewe, Okeny, alikuwa dereva jeshini. Asubuhi moja mwaka juzi wenzake walikuja kumwita, akaacha uji wake mezani, akatoka. Tangu hapo hakuna aliyesema amekufa, wala aliyesema yu hai. Mkubwa wake alisema amehamishwa. Filda akatolewa kwenye nyumba ya jeshi, akarudi Luzira kwa baba yake, mzee Obwona, askari magereza mstaafu mwenye vyumba viwili juu ya barabara ya Port Bell. Siku za kazi alipanda Nakasero kupiga pasi shuka za hoteli. Jioni mkono wa kulia ulikuwa mzito hata kumchana binti yake, Helen.

"Wazee wanakungoja," Oloya alikuwa amemwambia. "Bila wewe matanga hayaanzi."

"Matanga ya nani?"

Oloya alitazama viatu vyake. "Shemeji, mimi sikuja kugombana."

Filda alijua maana yake. Akipanda lile lori amekubali. Atanyolewa, atakaa chini na wanawake, na Okeny atakuwa mfu kwa kuwa mkewe amekubali. Akibaki, Okeny bado ana mtu wa kumrudia.

Basi akamshika Helen mkono, wakaenda mjini. Mdogo wake Helen alibaki na babu. Mwenye jumba la sinema alikuwa Mhindi aliyefukuzwa nchini pamoja na wenzake. Mwenyewe alikwenda, sinema zake zikabaki, na aliyepewa jumba alikuwa akizionyesha moja moja, zilizokwaruzika na zisizokwaruzika. Siku hiyo ilikuwa zamu ya ile ya fundi cherehani. Filda aliitambua kwenye picha ya mlangoni.

Hiyo ndiyo sinema ya utoto wao. Kila Krismasi, kwenye ukumbi wa askari magereza, walitundika shuka ukutani na watoto wakakaa mikekani. Watu kwenye sinema walisema Kihindi, lugha ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa Obwona, kwa kuwa kabla ya kuajiriwa gerezani aliwahi kulinda nyumba ya Wahindi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama kando ya shuka na kusimulia, kwa Kiswahili cha kambini, kwa sauti ya kuita gwaride. Fundi cherehani anaacha mke na watoto watatu, anakwenda kazi ya reli. Wanaimba wakimngoja. Anachelewa. Mke anakasirika, bangili zinavunjwa. "Amekasirika huyo," Obwona alisema, "bwana akirudi atamnunulia nyingine," na ukumbi mzima ukacheka. Mwishoni mwanamume mwenye mwavuli anakuja kwenye mvua, watoto wanamkimbilia, wanaimba. "Baba huyo," Obwona alisema. "Amerudi." Filda aliujua ule wimbo wa mwisho wote, bila kujua neno lake hata moja.

Sasa chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza, na Filda alikuwa amefika darasa la saba.

Aliona daraja la reli likianguka. Aliona mtu wa posta akija kwa baiskeli na kushindwa kushuka. Kisha wanawake wa kijiji wakamzunguka mke wa fundi, wakamshika mikono, wakazigonga bangili zake kwenye jiwe, na mmoja akamfuta ile rangi nyekundu ya utosini. Maandishi yalisema tangu leo yeye ni mjane. Yote hayo Filda alikuwa ameyaona utotoni, kila mwaka, kwa macho yake. Alichosikia kilikuwa sauti ya baba yake.

Alisimama bila kujua.

"Mama, kaa chini, unatuzibia," askari mmoja alisema nyuma.

"Mwache, amekumbuka bwana," mwenzake akasema, wakacheka.

Akakaa. Mwanamume wa mwavuli alipokuja, alikuwa kijana, mwembamba kuliko fundi. Alikuwa mdogo wa fundi, amekuja kuwachukua. Mtoto mdogo alimuuliza baba yuko wapi, naye akamwinua tu begani.

"Huyo siye baba yao," Helen akanong'ona. "Babu alisema baba anarudi."

"Babu alikusimulia hii?"

"Ee. Alisema na baba yetu hivyo hivyo. Kozi ikiisha."

Filda alimshika mkono, wakarudi nyumbani.

Walimkuta Obwona nyuma ya nyumba akimenya muhogo. Filda alimtuma Helen kwa mdogo wake, akaketi juu ya debe.

"Baba, ulijua yule fundi amekufa?"

Mzee aliendelea kumenya. "Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mwaka wa kwanza watoto wote mlianza kulia. Ofisa akanitazama, mimi ndiye nimeachiwa nyinyi. Nikasema ni hasira tu za mwanamke. Mkanyamaza. Mwaka uliofuata mkataka ile ile, nami nitasema nini, kwamba safari hii amekufa?"

"Na Helen? Kozi gani hiyo?"

"Ng'ambo. Anajifunza magari makubwa."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

Mzee aliweka kisu chini.

"Mwanangu, kila jioni ananiuliza kozi inaisha lini. Nimempeleka baba yake kila nchi ninayoijua. Nimeishiwa nchi."

Filda alikaa mpaka muhogo ukaanza kubadilika rangi. Kisha akaingia ndani, akaketi kitandani na watoto, akawaambia kwamba baba yao hayuko kozini. Aliwaambia wenzake wa jeshini walimchukua, na kwamba angekuwa hai angekuja. Yule mdogo aliendelea kuchezea kifungo cha shati.

"Nani alimwona?" Helen akauliza.

"Hakuna."

"Sasa tunajuaje?"

"Hatujui vizuri. Lakini mimi siwezi kungoja tena."

Helen alilia taratibu, kama mtu mzima, na Filda akamwacha alie. Alipotulia, Filda alimwendea Oloya, aliyekuwa barazani na majirani, akamwita kando.

"Lori linaondoka lini?"

"Kesho alfajiri, shemeji."

"Nitanyolewa huko huko. Hapa watu wa jeshi wakiniona na kipara wataniuliza nimefiwa na nani, nani kaniambia."

Oloya aliitikia kwa kichwa. Filda akarudi ndani kumwomba baba yake amshikie godoro alifunge kwa kamba, maana peke yake mkono ule haukuweza.